Hina mbichi kwenye chumba cha mionzi

Jumanne. Kumekucha na manyunyu, kisha jua likatoka kali kama lililokuwa limefungiwa mahali. Hapa mtaani kwetu Mchafukoge maji yametuama mbele ya maduka ya vitenge, na wapagazi wameyavuka kutwa nzima, marobota kichwani, suruali zimekunjwa hadi magotini. Mimi nimerudi nyumbani na viatu mkononi. Sasa nimekaa dirishani, chai imepoa, na mkono wangu wa kulia unanukia hina.

Sikutarajia kuandika maneno hayo tena.

Wanaosoma hapa tangu mwanzo wanajua nilikuwa mchora hina. Nimechora mabibi harusi wa Kariakoo na Upanga, nikichuchumaa juu ya mikeka yao huku shangazi zao wakinielekeza kama kwamba nimeanza kazi jana. Wanajua pia kwamba niliacha. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, niseme tu kwamba nilikuwa na binti, Rahma, na kwamba mdogo wake Swalehe, ambaye sasa yuko chekechea, alizaliwa bila kumkuta.

Rahma alikuwa na kansa ya mfupa wa paja. Ilipofika mwisho madaktari hawakutuficha. Walisema mionzi haitamponya, ila itamtuliza maumivu. Ikamtuliza. Akaanza kulala tena. Akaanza kuomba ubuyu, na kunisimulia habari za paka wa ngazini kwetu, ambaye kwa maelezo yake alikuwa na mchumba Upanga.

Siku ya Idi aliniomba nimchore viganja vyote viwili, mpaka kwenye ncha za vidole, kama watu wazima. Nikamchora. Hiyo ndiyo hina aliyoondoka nayo. Wanawake walipomwosha, maji yalipita juu ya viganja vyake na ua langu likabaki pale pale, jekundu, zuri. Nilisimama nikalitazama. Tangu siku ile sijashika koni ya hina.

Nilikuwa naijua hina tangu utoto wangu, lakini siku ile ndipo nilipojua kwamba hina haiondoki kwa maji.

Kuna jambo moja zaidi la Rahma ambalo lazima niliandike kabla sijafika kwenye habari ya leo. Kwenye chumba cha mashine ya mionzi sikuwahi kuingia. Nilikuwa na mimba ya Swalehe, na mjamzito haruhusiwi kuukaribia mlango ule. Baba yake ndiye aliyekuwa akimbeba Rahma hadi mlangoni, akimkabidhi kwa wahudumu, kisha akirudi kwenye benchi na kuinamisha kichwa. Siku ya kwanza Rahma alipotoka, alinishika sikio, akaninong'oneza:

"Mama, mle ndani kuna uzi mwekundu. Umenikalia mguuni. Nimeukamata, haukamatiki."

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Nikauweka uzi huo pamoja na mchumba wa paka. Nimeusimulia mara nyingi kwa ndugu, nao hutabasamu, kwa sababu Rahma alikuwa mtoto wa hadithi.

Sasa, leo.

Chumba cha uani, chini kabisa kwenye jengo letu, anakaa mpagazi mmoja kijana kutoka Nachingwea. Miezi michache iliyopita dada yake alikuja kutoka huko na mtoto wa kike, Somoe, ambaye hata shule hajaanza. Somoe alikuwa na uvimbe kwenye figo. Akatiwa dawa, akapasuliwa, figo moja ikatolewa. Kilichobaki ni mionzi, ili kama kuna kilichojificha pale uvimbe ulipokuwa, kisipate nafasi ya kuota tena. Mtoto huyu, tofauti na wangu, madaktari wanatarajia apone. Ila walimwambia mama yake waziwazi kwamba baada ya upasuaji mionzi haitakiwi kuchelewa.

Nayo ilikuwa imeshachelewa. Wiki iliyopita mashine iliharibika, ikakaa ikisubiri kipuri, na foleni ya wagonjwa wa mikoani ikarefuka hadi nje kwenye maua.

Mama Somoe huniita Mama Rahma. Watu wengine, kwa kunihurumia, waliacha jina hilo polepole, wakaanza kuniita Bi Salha. Yeye aliulizia majina ya watu wa jengo siku aliyofika, akaambiwa kila kitu, na kesho yake akanisalimia, "Shikamoo, Mama Rahma," akaendelea kuchota maji. Labda ndiyo maana leo asubuhi alipogonga mlango kuniomba nimsindikize hospitali, kwa sababu kaka yake ana mzigo wa kushusha, nilijikuta nimeshavaa baibui kabla sijafikiri ninaenda wapi.

Mtoto alikuwa anang'aa. Amesuguliwa, amepakwa mafuta ya nazi, amesukwa nywele kidogo zilizoanza kuota, amevaa gauni la njano. Tukapanda bajaji. Njia nzima Somoe alimkamata mama yake kwa mikono miwili.

Alikuwa na sababu. Mara ile alipopelekwa kupigwa picha ya kupanga mionzi alipiga mateke na kulia hadi ikabidi daktari wa usingizi amlaze. Daktari wa usingizi ni mmoja, anagombewa na vyumba vya upasuaji, na huku kwenye mionzi hafiki kila siku. Wiki hii nafasi yake ilikuwa imejaa. Kwa hiyo Somoe alitakiwa alale mwenyewe, macho wazi, peke yake chumbani, asitikisike. Akishindwa, angoje wiki nyingine.

Tulipokelewa na dada Neema, mtaalamu wa mionzi. Ni mwanamke mfupi, mcheshi, anayetembea kana kwamba sakafu inamchoma. Akampeleka mtoto nyuma ya pazia, akafunua gauni.

Akatuita.

Siku ile ya picha walimchora Somoe alama tatu kwa kalamu ya zambarau, moja tumboni na mbili ubavuni, ndogo kama alama za kujumlisha za darasa la kwanza. Kwa alama hizo ndivyo mashine inavyojua pa kulenga. Hazikuwapo. Ngozi ilikuwa safi kabisa, ina kovu tu na mafuta ya nazi.

Mama Somoe alieleza kwa utulivu, kama mtu anayetoa habari njema. Alfajiri amemwogesha mwanawe kwa sabuni na dodoki, akasugua yale madoa ya kalamu hadi yakatoka yote. Aliambiwa alama zisifutwe, ndiyo, lakini alielewa kwamba ni alama za kupigia picha, na picha imeshapigwa. Siku zimepita, mashine imekufa na kufufuka, alama zimebaki madoa. Na kwao mtoto hapelekwi mbele ya daktari na madoa mwilini. Watasema hana mama.

Dada Neema alirudisha gauni chini. Nilidhani atafoka. Akasema tu, "Mama, umemng'arisha kweli. Umeng'arisha na njia yangu."

Hapo ndipo Mama Somoe alipoelewa. Hakulia kwa sauti. Aliketi sakafuni, akavua kilemba, akakiweka mapajani.

Namshukuru dada Neema kwa alichofanya baada ya hapo. Alichuchumaa naye pale pale sakafuni, akamweleza kwamba vipimo vya mtoto vimehifadhiwa, umbali kutoka kwenye kitovu na kutoka kwenye kovu, na picha za ngozi zipo. Alama zinaweza kurudishwa na daktari akazihakiki kwenye mashine yenyewe. Ila kazi hiyo inachukua muda, na foleni ilikuwa imejaa. Turudi mchana wagonjwa wakubwa wakiisha. Umeme usipokatika, na mtoto akikubali kulala kimya, ataanza leo.

Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu, kwamba hata akizirudisha atakesha akiwaza. Joto la Dar halina adabu. Kalamu inayeyuka kwa jasho, plasta inabanduka, na Somoe ana wiki kadhaa za kuja hapa kila siku ya kazi. Alisikia kwamba kuna nchi wanachora alama hizi kwa hina.

Sijui nani alinifungua mdomo. Nikasema, "Mimi ni mchora hina."

Sikusema nilikuwa.

Akanivuta mkono hadi kwa daktari. Daktari, mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alisikiliza huku akiandika, kisha akaweka kalamu chini. Aliuliza kama ni hina ya majani matupu au ni piko, ile rangi nyeusi ya dawa.

"Piko hapana," akasema kabla sijajibu. "Piko ilimvimbisha mke wangu mikono siku ya harusi. Picha zote kavaa glavu."

Nikamwambia ni majani matupu, nitayachanganya mwenyewe, sitii piko wala mafuta ya taa kama wanavyofanya wengine ili rangi iwahi. Akafikiri. Akasema leo nimpake mtoto mkononi tu, tuone kama ngozi inapokea. Ikiwa salama, kesho nichore zile alama juu ya kalamu, ndogo, mbali na kovu. Leo watafunika alama za kalamu kwa plasta.

Basi nikaenda Kariakoo.

Nilipita katikati ya mikokoteni na sauti za wapagazi za "Mgongo! Mgongo!" hadi kwa yule mama wa viungo niliyekuwa nikinunua kwake zamani. Aliponiona hakuuliza nilikuwa wapi. Alitumbukiza mkono ndani kabisa ya gunia, chini, kwenye hina mpya ya kijani, akanipimia, akaongeza konzi moja juu. Nyumbani nikachekecha kwa kitambaa cha zamani cha hariri, nikakoroga kwa chai ya rangi peke yake. Ndimu sikutia, nisije nikamwasha. Nikafunika bakuli, nikaliweka dirishani juani.

Mikono ilikumbuka.

Mchana tuliporudi hospitali, foleni ilikuwa imepungua. Kwenye benchi la mlangoni alibaki mzee mmoja wa Lindi, mgonjwa wa koo, sauti yake kama kiatu kwenye mchanga. Somoe alikuwa amejificha ndani ya kanga ya mama yake na ameshasema kwamba haingii. Hakupiga kelele. Alisema haingii, kama mtu mzima aliyekataa shauri.

Nikaketi chini mbele yake, nikatoa koni. Nikamwambia daktari ameagiza nimpake hina mkononi. Anataka wapi?

Akatoa kiganja kimoja. Akafikiri. Akatoa na cha pili.

Nilichora ua, na jani, na jani. Watu waliokuwa wanapita walisimama kidogo. Somoe alitazama ncha ya koni bila kupepesa. Akaniuliza kama ndivyo wanavyofanyiwa mabibi harusi. Nikamwambia ndivyo hasa. Akauliza kama anaolewa leo. Mama yake, macho bado yamevimba, akamwambia leo anapakwa tu, mume atasubiri.

"Mume nipo hapa," akasema yule mzee.

Somoe alimwangalia juu hadi chini. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba."

"Wewe huna meno."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akashika koo lake, akacheka tena bila sauti. Akasema meno atanunua.

Nilipomaliza nilimwambia Somoe sheria ya bibi harusi, ile ninayowaambia wote, wakubwa kwa wadogo. Hina mbichi haitaki haraka. Viganja vikae wazi, juu, asishike kitu, asijikune, asigeuke, nzi akitua amwache. Bibi harusi hatikisiki mpaka hina ikauke. Akitikisika, ua linakuwa matope, na wageni wataliona.

Nilisema kama ninavyosema siku zote. Sikuwa na mpango wowote. Lakini dada Neema, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama, akamtazama mtoto na viganja vyake vilivyo wazi kama sahani mbili. Akasema taratibu, "Bibi harusi, kitanda chako kiko tayari. Kuna feni, hina itakauka vizuri."

Somoe akainuka. Akatembea mwenyewe, mikono mbele, viwiko vimebana mbavu, hatua ndogo ndogo. Hakuweza kumshika mama yake. Mikono ilikuwa na hina.

Tukaingia naye, mama yake na mimi, kumlaza. Mlango ni mnene kama wa benki. Chumba ni kikubwa, baridi, karibu kitupu. Mashine imesimama katikati ikiwa imeinamisha kichwa chake kikubwa juu ya kitanda chembamba. Rangi imebanduka ubavuni. Mtu alibandika picha ya twiga pale ilipobanduka. Tulitandika kanga chini ya mikono ya Somoe ili hina isichafue, tukamlaza, mikono kando, viganja juu.

Dada Neema akasema anapunguza taa, tusiogope.

Taa zikafifia.

Na uzi ukaja.

Ulitoka ukutani, mwekundu, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, ukakaa juu ya tumbo la Somoe. Mwingine ukatoka ukuta wa pili. Mwingine ukashuka kutoka darini, ukapita kifuani, kitovuni, gotini, umenyooka, ukipanda na kushuka pamoja na pumzi zake. Nilikuwa bado natengeneza kanga. Mkono wangu ulikuwa pale. Uzi ukapita juu ya vidole vyangu, juu ya pete, juu ya doa la hina.

Nikafunga ngumi. Uzi ukakaa nje ya ngumi.

Nikafungua. Ukakaa kiganjani.

Haukamatiki.

Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Dada Neema hakunihimiza. Baadaye aliniambia ni mwanga wa kupimia tu, unawaonyesha kama mtoto amelala sawa, hauna madhara. Mionzi yenyewe haionekani. Ni kama mwanga, lakini jicho halijapewa ruhusa ya kuuona. Nilimwitikia. Wakati ule nilikuwa ndani ya hadithi ya mwanangu, na kila kitu kilikuwa mahali pake alipokisema.

Dada Neema akapima, akarudi nyuma, akapima tena. Kalamu ilimgusa Somoe ubavuni, mahali ambapo mtoto yeyote angecheka na kujikunja. Pua ilimcheza. Mwili haukucheza. Daktari akaja, wakapiga picha, akaitazama sana, akatikisa kichwa kukubali. Alama zimerudi.

Kisha tukatoka sote.

Hili ndilo lililonishinda kabisa. Watu wazima wote, daktari, mtaalamu, mama mzazi, mimi, tulitoka tukafunga mlango mnene, kwa sababu kinachokuja mle ndani sisi hatutakiwi kukaa nacho. Tukamwacha mmoja, mdogo kuliko wote.

Chumba cha pili kuna kioo cha televisheni. Tulimwona, mdogo kama punje, juu ya kitanda, viganja wazi. Dada Neema akasema kwenye kipaza sauti, "Bibi harusi, wageni wanafika, hina isiharibike." Akabonyeza.

Nilisubiri kishindo. Nilisubiri moto, mngurumo, kitu. Pakawaka taa nyekundu ndogo juu ya mlango na mlio wa chini kama wa friji. Hakuna zaidi. Ndani ya ukimya ule kitu kisichoonekana kilikuwa kinapita kwenye ngozi bila kuikata, kikitafuta kilichojificha. Somoe alikuwa akitazama dari. Kichwa cha mashine kikamzunguka polepole, kikamtazama kutoka upande wa pili. Alikifuata kwa macho tu. Mama yake alikuwa ameshika ukingo wa meza, na midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Nimewahi kuona mabibi harusi wenye digrii wakipangusa hina kwa sababu simu imelia.

Taa ikazimika. Dada Neema alifungua mlango, akakimbia ndani, na sisi nyuma yake. Somoe hakuwa amesogea. Aliuliza bila kugeuza shingo, "Imekauka?"

Nikagusa pembeni ya ua kwa kidole. Nikamwambia imekauka, anaweza kushuka.

Alipotoka kule nje, viganja mbele, yule mzee wa Lindi aliinuka kwa fimbo yake, akasimama wima kama watu wanavyosimama bibi harusi akiingia ukumbini. Mwanamke mmoja wa usafi akaweka ufagio, akapiga kigelegele cha chini, cha hospitali, kilichoishia mkononi. Halafu mzee akaitwa, ilikuwa zamu yake. Somoe akamwambia asitikisike.

Nimemweleza Mama Somoe kuhusu kuoga. Kitambaa chenye maji, azunguke plasta, dodoki alining'inize ukutani hadi mwisho wa matibabu. Alinisikiliza kama mtu anayepokea amana. Tulipofika uani alinishika mkono, akasema, "Mama Rahma," akashindwa kuendelea. Nami sikutaka aendelee. Jina lilitosha.

Najua ni siku moja tu. Najua zimebaki siku nyingi, na umeme, na kipuri, na mambo ambayo hina haiwezi. Sijafikiri hata kidogo kwamba nimemponya mtu. Mashine ile ile haikumponya wangu. Lakini nilikuwa nimebeba miaka hii yote picha ya chumba cha kutisha ambamo mwanangu aliingia peke yake nami nikabaki nje. Leo nimekiona chumba. Ni kweli kinatisha. Na ni kweli kuna uzi ndani yake, mwekundu, unaokuja na kumkalia mtoto mguuni, na mtoto anaweza kucheza nao.

Alikuwa na kitu cha kuchezea.

Baba Rahma alirudi kutoka dukani kabla ya magharibi. Nilimpakulia wali, nikakaa mbele yake. Nikamwambia ule uzi upo. Hakuuliza uzi gani. Aliweka kijiko chini, akatazama sahani.

"Rangi gani?"

"Mwekundu."

"Alisema mwekundu," akasema.

Swalehe alikuwa chini ya meza akiendesha kifuniko cha chupa. Baadaye baba yake alinyoosha mkono, akaushika mkono wangu wa kulia, akaunusa, akaurudisha polepole mahali pake.

Bakuli la hina liko dirishani, nimelifunika kwa kitambaa cha hariri. Imebaki ya kutosha alama tatu ndogo za kujumlisha, na kidogo zaidi. Jioni nilipita kwa Somoe. Amelala na viganja wazi, hataki kukunja hata usingizini, na rangi bado ni ya chungwa hafifu, kama haijafanya kazi. Mama yake aliingiwa na wasiwasi. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Hina siku ya kwanza haionekani ilichofanya.

Asubuhi atafungua macho aione.